Kabla Hujatuma Karo ya Kompyuta Nyumbani

SIMU za aina hii huja jioni, baada ya chakula, wakati unatafuta soksi za mtoto za shule. Ni nyumbani. Salamu huchukua muda: mvua imenyesha, ng'ombe wa fulani amezaa, mazishi ni Ijumaa. Kisha sauti inateremka kidogo. Kijana amepata mahali pa kusomea kompyuta pale Migori mjini. Mwalimu amesema kozi hiyo ni ya kimataifa na cheti chake kinatambulika hadi Marekani. Zinatakiwa shilingi 15,000 za kuanzia, na Jumamosi ndiyo siku ya mwisho.

Wewe msomaji uliye Nairobi, Mombasa au Nakuru unajua utakavyofanya. Utatazama kilichobaki kwenye simu, utapunguza hapa na pale, utatuma. Mimi nilituma.

Kijana mwenyewe ni mtoto wa shangazi yangu, au waya, kama tunavyosema kwa Kidholuo. Alimaliza kidato cha nne upande wa Awendo akapata D+, na hakutaka kwenda kukata miwa. Chuo nilichokilipia sitakitaja. Kilikuwa vyumba viwili juu ya duka la mabati na misumari, na nje palikuwa na bango kubwa lenye herufi CCNA. Baada ya zile 15,000 nililipa 6,000 kila mwezi kwa miezi minane. Jumla ikawa 63,000. Mwishoni kijana alinitumia picha ya cheti kizuri ajabu, chenye muhuri mwekundu na saini tatu. Nilimwonyesha rafiki yangu anayeshughulikia mitambo ya mtandao katika benki moja hapa jijini. Alikitazama mara moja tu, akauliza, "Na mtihani aliufanya lini?"

Hakukuwa na mtihani wowote. Cheti kilisema, kwa Kiingereza cha kupendeza, kwamba kijana amehudhuria mafunzo.

Nimekisimulia kisa hiki kwa watu wengi tangu wakati huo, na nashangaa ni wangapi wana cha kwao kinachofanana nacho. Kwa hivyo hebu tukae kitako tulizungumze jambo hili polepole, mzazi na mwanafunzi pamoja, kabla ya simu nyingine kulia.

Shule ya udereva na leseni

Mafunzo ni kitu kimoja na mtihani ni kitu kingine. Fikiria udereva. Shule itakufundisha kushika usukani, lakini leseni haitoki kwenye shule hiyo. Sharti upimwe na serikali, na askari wa trafiki akikusimamisha pale Kakrao hatakuuliza ulifundishwa na nani. Vyeti vya kitaaluma vya kompyuta huenda vivyo hivyo. CCNA ni cheti cha kampuni ya Cisco ya Marekani, ile inayotengeneza ruta na swichi za kuunganisha kompyuta, na kimekuwapo tangu mwaka wa 1998. A+ ni cheti cha shirika la CompTIA, na huhusu ukarabati na utunzaji wa kompyuta zenyewe. Mitihani ya wote wawili husimamiwa na kampuni iitwayo Pearson VUE, ama katika kituo chake kilichoidhinishwa ama nyumbani kwako, mbele ya kamera. Chuo cha juu ya duka la mabati kinaweza kukufundisha vizuri au vibaya. Kukupa cheti cha CCNA hakiwezi, hata kiwe na mihuri mia.

Ada ya mtihani wa CCNA ni dola 300 za Marekani, bila kodi. Mwaka wa 2025 dola moja ilikuwa karibu shilingi 129, kwa hivyo hesabu kama shilingi 38,700. Linganisha sasa na zile 63,000 zangu. Mtihani wenyewe huchukua dakika 120. Ukianguka hurudishiwi kitu. Unangoja siku 5, unalipa upya, unajaribu tena. Ukipita, cheti kina uhai wa miaka 3 tu, kisha sharti ukihuishe. A+ ina mitihani miwili, kila mmoja na ada yake, kila mmoja una dakika 90 na maswali yasiyozidi 90. Nayo hudumu miaka 3.

Kuna jambo moja hapa ambalo familia nyingi hazilijui, na ni jema. Hakuna gredi inayotakiwa. Cisco haiulizi ulipata nini katika KCSE, wala CompTIA haiulizi. Hakuna anayelazimishwa kusomea chuo chochote kabla ya kuketi. Mwenye D+ na mwenye A huingia kwa mlango mmoja, wakalipa ada moja na kupewa karatasi moja. Ndiyo maana mabango haya huwavutia sana vijana waliofungiwa milango mingine, na ndiyo maana wajanja wamejaa hapo mlangoni.

Wale wenzangu waliosoma kompyuta miaka ya 1990 watakumbuka jinsi tulivyozitundika ukutani karatasi za WordPerfect na Lotus 1-2-3. (Walimu wa Kiswahili walikuwa wanabishana kama kifaa chenyewe kiitwe ngamizi au tarakilishi, sisi tuliendelea kuita kompyuta.) Aliyekuwa na CNE ya kampuni ya Novell alitembea kama daktari. Baadaye ikaja MCSE ya Microsoft, na Microsoft yenyewe ikaifunga mnamo Januari 2021. CCNA nayo iliundwa upya Februari 2020, mitihani kadhaa ikaunganishwa kuwa mmoja. Kwa hivyo kitabu cha mtumba chenye neno CCNA, kilichochapishwa mwaka wa 2014, hata ukiuziwa shilingi 200, umeuziwa karatasi ya kufungia njugu.

Maswali ya kumuuliza mkuu wa chuo

Tuseme kijana bado anataka chuo, na kuna sababu nzuri za kutaka. Wengine hawawezi kusoma bila mtu wa kuwasukuma. Basi piga simu wewe mwenyewe, usimwachie mtoto. Uliza: ada ya mtihani wa Pearson VUE imo ndani ya karo au haimo? Wakisema imo, waandike hivyo kwenye risiti. Uliza kuna ruta na swichi ngapi za kushika kwa mikono. Uliza mwalimu mwenyewe ana cheti hicho na kama bado kina uhai, maana cheti cha kweli hukaguliwa mtandaoni kwa dakika moja. Uliza pia kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka inayosimamia vyuo vya ufundi nchini chini ya sheria ya mwaka wa 2013.

Na baada ya mwezi wa tatu muulize mtoto swali hili: mtandao wa /26 una nafasi ya mashine ngapi? Jibu ni 62. Anwani ni 64, lakini ya kwanza na ya mwisho hazipewi mashine. Huhitaji kuelewa zaidi ya hapo; mimi mwenyewe nilifundishwa na yule rafiki wa benki kwenye kipande cha gazeti. Lakini anayesomea CCNA kwa miezi mitatu akishindwa kulijibu kwa nusu dakika, ujue karo yako inalipa kodi ya nyumba ya mtu.

Kuna chuo cha aina nyingine. Cisco ina mpango wake wa mafunzo, Cisco Networking Academy, ulioanza mwaka wa 1997, ambao huendeshwa ndani ya vyuo vikuu na taasisi zilizokubaliwa. Kozi ya CCNA humo ina sehemu tatu, na mwanafunzi akifanya vizuri katika mtihani wa mwisho anaweza kupata vocha ya kupunguziwa ada ya mtihani wa kweli. Tahadhari lakini: hata cheti cha kumaliza kozi hiyo bado si CCNA. Ni cha shule ya udereva, ingawa shule hii inatambulika.

Homa Bay, Jumamosi asubuhi

Desemba niliposafiri kwenda nyumbani nilipita Homa Bay kumwona rafiki, na huko nikakutana na vijana wanne wanaonifanya niandike nusu hii ya pili ya makala. Wanasoma wenyewe. Hukutana kila Jumamosi katika chumba cha kanisa, chini ya mlima wa Asego, kwa ruhusa ya mchungaji. Wana kompyuta ya mkono moja ya mtumba yenye kumbukumbu ya GB 8, na simu nne.

Nilitaka kujua wanasomaje bila mwalimu, nikaonyeshwa. Wamechapisha orodha ya mada za mtihani, ambayo Cisco huitoa bure kwenye tovuti yake, na CompTIA hufanya vivyo hivyo kwa mitihani yake. Orodha imebandikwa ukutani kwa selotepu. Mada haipigwi alama ya vema mpaka mmoja wao asimame awaeleze wenzake watatu bila kutazama daftari. Msichana aliyesimama siku ile alieleza jinsi swichi inavyojua mashine ipi iko kwenye tundu lipi. Alichanganya Kiingereza na Kidholuo, alikwama mara mbili, akakosolewa, akaanza upya. Sikumbuki somo la chuo lililonivutia namna ile.

Video hutazama kwenye simu. Kwa CCNA wanafuata Jeremy's IT Lab, na kwa A+ Professor Messer. Zote mbili ni kozi kamili zilizomo YouTube bila malipo. Kabla ya nyaya za baharini kufika Mombasa mwaka wa 2009 nchi hii ilitegemea setilaiti, na jambo kama hilo katika mji wa kandokando ya ziwa lingekuwa ndoto. Hata sasa bando lina bei. Mmoja wao hupakua video za juma zima usiku, bando likiwa rahisi, kisha huwagawia wenzake.

Na ruta watazitoa wapi? Hapo ndipo nilipojifunza kitu. Cisco ina programu iitwayo Packet Tracer, ya bure kwa aliyejisajili na ile Networking Academy, inayomwezesha mtu kuchora mtandao mzima kwenye kioo cha kompyuta: ruta, swichi, nyaya, na zote zikafanya kazi kama za kweli. Ukitia amri isiyofaa mtandao unakatika, unatafuta kosa. Walikuwa wamejenga humo mtandao wa hospitali ya kubuni yenye wadi, maabara na duka la dawa. Lile bango lililonitoa 63,000 halikuwa na hata hiki cha bure. Kijana wetu alisoma kwa miezi tisa akinakili ubaoni.

Mambo si rahisi kwao, nisikudanganye. Stima hupotea jioni dhoruba inapotoka ziwani, na siku kama hiyo hakuna masomo. Wa tano aliacha mwezi wa pili. Lugha pia ni kikwazo: mtihani wa CCNA hauna toleo la Kiswahili, maswali ni marefu, na anayesoma Kiingereza polepole huishiwa na wakati kabla ya kuishiwa na majibu. Kwa hiyo kila Jumamosi husoma maswali ya mazoezi kwa sauti wakiwa na saa mezani. Mzazi anayepima kama mtoto wake anaweza kujisomea na aanze hapo. Mpe kurasa kumi za Kiingereza cha kiufundi, rudi kesho yake umuulize zilisema nini.

Kuna kishawishi kimoja nilichokikuta Migori na Homa Bay kote. Mtandaoni huuzwa maswali yaliyoibwa ya mitihani hii pamoja na majibu. Wenyewe huyaita kwa majina ya heshima, lakini kila aliyesoma shule Kenya anajua jina lake: ni mwakenya. Unakariri, unapita, basi. Cisco na CompTIA wakigundua hufuta cheti na wanaweza kumzuia mtu asifanye mitihani yao tena. Hata wasipogundua, kuna siku ya kwanza kazini. Yule rafiki wa benki huwapa wanaotafuta kazi kebo na swichi mbili, akaenda kunywa chai. Akirudi, anasema, huwa amekwisha kujua.

Stashahada au cheti cha kampuni?

Swali hili huulizwa sana na wazazi, nami nitalijibu kwa maoni yangu. Kaunti zote mbili zilianza kuajiri tangu ugatuzi wa mwaka wa 2013, na zinapotangaza nafasi za teknolojia ya habari aghalabu hutaja stashahada au shahada kwanza. CCNA huongezea uzito tu. Kwa hivyo mwenye gredi ya kuingia stashahada na aingie. Ziko taasisi za umma karibu, kama vile Siala upande wa Rongo na Mawego upande wa Kendu Bay, na vyuo vikuu viwili: Rongo, kilichopewa hati yake mwaka wa 2016, na Tom Mboya cha Homa Bay mwaka wa 2022. Kasneb nayo ina mtihani wake wa taaluma hii, CISSE, uliochukua mahali pa CICT katika mitaala mipya ya mwaka wa 2021. Cheti cha Cisco kifuate katika mwaka wa mwisho. Kikija mapema, miaka yake 3 italiwa na masomo, na siku ya kuhojiwa kitakuwa kimekufa.

Waajiri wa kibinafsi wana macho mengine. Wanaouza intaneti ya nyaya na ya minara, Sacco, hospitali za watu binafsi, hoteli: hawa wanataka mtu atakayepanda ngazi leo na mtandao urudi kabla ya saa sita. Kwa hao, mwenye D+ na CCNA halisi ana la kusema.

A+ je? Hapa huenda nikapingwa. Kwa kijana wa Migori asiye na pesa, ningesema asome yaliyomo katika A+ yote, kwa sababu ni msingi na yanamfaa mara moja, lakini ada za ile mitihani miwili zikae mfukoni mpaka atakapoona tangazo la kazi linalozitaka. Aliyeielewa A+ anaweza kukarabati kompyuta za shule na za vibanda vya intaneti mwezi huohuo akalipwa.

Hivyo ndivyo alivyofanya mtoto wa waya. Baada ya kisa cha cheti chekundu alinyamaza kwa majuma kadhaa. Nadhani alikuwa anaona haya, nami nilikuwa na hasira iliyostahili kwenda kwingine. Halafu akaenda kukaa na fundi wa simu karibu na stendi ya Migori, mwanzoni bila malipo, akifungua vilivyokufa. Akanunua kompyuta kuukuu ya mezani kutoka shule moja, akaivunja na kuiunganisha tena mara nyingi. Jioni alifuata zile video. Alipofika kwenye Packet Tracer nilimnunulia kompyuta ya mkono ya mtumba, na hiyo ndiyo pesa pekee niliyotoa mwaka huo mzima.

Tulikubaliana kwamba ada ya mtihani italipwa mwisho, si mwanzo. Itatoka siku atakapopita mitihani mitatu ya mazoezi mfululizo, mipya, asiyowahi kuiona. Ilimchukua miezi kumi na mmoja. Mara moja alipita miwili akaanguka wa tatu, akaanza kuhesabu upya bila kuambiwa.

Alifikiria kuufanyia nyumbani, mbele ya kamera. Sharti chumba kiwe kitupu na kifungwe, meza iwe wazi, asiingie mtu wala sauti, na intaneti isikatike. Kwa waya kuna wajukuu wanne na jogoo, na stima ni ile uijuayo. Akachagua kituo cha mjini. Vituo huwa katika miji mikubwa, kwa hivyo nauli na malazi ni sehemu ya ada, nawe uyahesabu mapema.

Juzi alinipigia simu, jioni kama kawaida. Salamu zilichukua muda. Kisha sauti ikateremka kidogo, nami nikajiandaa. "Omera," akasema, "jina la kitambulisho lina herufi moja iliyopungua. Kwenye cheti cha KCSE iko. Nijisajili na lipi?"

Nilimwambia ajisajili na la kitambulisho, herufi kwa herufi, kwa maana hicho ndicho watakachokitazama mlangoni. Jina lisipolingana atarudishwa na ada imekwenda. Akaomba nauli na pesa ya chumba cha usiku mmoja. Mtihani wake ni saa tatu asubuhi, na hataki kutegemea matatu ya alfajiri.